Pedali ya fazi inakohoa au imepoa? Pima volti kabla hujabadilisha transista

Pedali ya fazi (fuzz, kisanduku kinachofanya sauti ya gitaa ikwaruze) ya mtindo wa zamani ina vipande vichache kuliko hata redio ndogo ya mfukoni: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na poti mbili (rezista za kuzungusha). Kwa sababu ya uchache huo, ikigoma tu lawama zinaangukia transista. Mtu ananunua nyingine, kisha nyingine, droo inajaa AC128, transista za zamani za gerimani (germanium), za bei ya kuruka, na mlio unabaki ule ule. Mara nyingi transista haina kosa. Kosa liko kwenye volti inayoikalia, kwenye joto la mahali inapopigwa, au kwenye kifaa kilichochomekwa kabla yake.

Saketi tunayoipima

Tutatumia Fuzz Face, ile ya kasha la duara iliyotolewa na Arbiter ya London mwaka 1966, maana ndiyo wengi huanza nayo. Gitaa linaingia kupitia kapasita ya mikrofaradi 2.2 hadi besi ya transista ya kwanza, Q1 (besi, emita na kolekta ni miguu mitatu ya transista). Emita ya Q1 imekaa ardhini, au ethi kama mafundi wengi wasemavyo. Kolekta yake inapata umeme kupitia rezista ya kiloomu 33 (33k kwenye michoro), na imeungwa moja kwa moja na besi ya transista ya pili, Q2. Kolekta ya Q2 ina 8.2k ikifuatiwa na omu 470, ingawa michoro mingine huonyesha 330. Sauti inachukuliwa pale hizo mbili zinapokutana, inapita nanofaradi 10 na kuingia poti ya volyumu ya 500k. Emita ya Q2 inashuka ardhini kupitia poti ya fazi ya 1k, na mguu wa kati wa poti hiyo una kapasita ya mikrofaradi 22 kwenda ardhini. Halafu kuna rezista ya 100k inayorudi kutoka emita ya Q2 hadi besi ya Q1. Hiyo ndiyo akili ya saketi nzima, na ndiyo sababu ugonjwa wa Q1 huonekana kwenye Q2.

Weka betri mpya. Chomeka waya kwenye jeki ya kuingilia, kwa kuwa pedali nyingi hutumia jeki ya stereo kama swichi ya betri na bila waya hakuna umeme. Weka mita kwenye volti za DC, mguu mmoja ardhini, kisha soma sehemu tatu. Kwa transista za gerimani tarajia takriban volti 0.6 kwenye kolekta ya Q1, 0.5 kwenye emita ya Q2, na 4.5 kwenye kolekta ya Q2. Kwa silikoni kolekta ya Q1 itakuwa karibu 1.3 na emita ya Q2 karibu 0.7. Kwa transista za PNP, zinazotumia umeme kinyume na za NPN, namba zote zitakuja na alama ya kutoa. Usishtuke, ardhi ya saketi hiyo ni upande chanya wa betri.

Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, maana dalili nyingi hapa chini zinasomwa kutoka kwazo.

Hakuna sauti kabisa

Anza na miguu ya transista. Ukishika BC547 upande bapa ukikutazama na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 ni kinyume kabisa: emita, besi, kolekta. Ukibadilisha moja kwa nyingine bila kuigeuza, pedali itatoa kijisauti chembamba au isitoe chochote. BC108 ya kichwa cha chuma ina kijiulimi kilicho jirani na emita. AC128 mara nyingi ina nukta ubavuni upande wa kolekta, lakini thibitisha kwa mita.

Kama miguu iko sawa na volti ziko sawa, fuatilia sauti. Chukua waya unaokwenda kwenye amplifaya, unga kapasita ya nanofaradi 100 kwenye ncha yake, kisha gusa besi ya Q1, kolekta ya Q1, kolekta ya Q2, kiungo cha 470 na 8.2k, halafu poti. Pale sauti inapopotea ndipo penye lehemu mbovu. Punguza volyumu ya amplifaya kwanza, kolekta ya Q2 ina kelele za kutosha kuumiza masikio.

Noti inakohoa, inatoka vipande, kisha inakatika ghafla

Ukisoma kolekta ya Q2 utakuta volti 7 au 8 badala ya 4.5. Q2 imekaribia kuzimika: wimbi lina nafasi ya volti moja tu upande mmoja, noti ikishuka kidogo inafungwa nje. Wapo wanaoutafuta mlio huu makusudi. Kama wewe humo, tatizo karibu kila mara ni uvujaji wa Q1, yaani mkondo unaopita bila besi kuuruhusu, na inafaa kuelewa hesabu yake.

Rezista ya 33k inaruhusu Q1 mikroampea 250 hivi, basi. Ikiwa Q1 inakuza mara 80 na haivuji, besi yake inahitaji mikroampea 3. Mikroampea hizo zikipita kwenye 100k zinaacha volti 0.3. Ongeza volti 0.15 za besi ya gerimani, unapata karibu 0.45 kwenye emita ya Q2. Kwenye poti ya 1k hiyo ni miliampea 0.45, na ikipita 8.2k na 470 inakula volti 4 hivi. Kolekta inabaki na 5, hapo hapo panapotakiwa.

Sasa chukua Q1 ile ile, ila inavuja mikroampea 200. Uvujaji umeshajaza karibu nafasi yote ya 250, besi haihitaji hata mikroampea moja, volti kwenye 100k inaporomoka, emita ya Q2 inabaki na 0.16, na kolekta inaruka hadi 7.6. Hakuna kilichoharibika. Ni transista tu imewekwa mahali pasipoifaa.

Mita yenye tundu la kupimia ukuzaji haitakuonyesha hili kwa sababu inahesabu uvujaji kama ukuzaji. Tengeneza kipimo chako. Kwa PNP, unga emita na upande chanya wa betri ya volti 9. Kolekta ipitie rezista ya 2.2k na ya omu 270 kwa mfululizo, jumla omu 2470, kwenda upande hasi. Weka mita kwenye ncha mbili za jumla hiyo. Besi iache hewani na usome. Ukipata volti 0.30, gawanya kwa 2470: uvujaji ni mikroampea 121. Kisha unga besi na upande hasi kupitia rezista ya megaomu 2.2, usome tena. Tuseme ni 1.15. Toa 0.30, zidisha kwa 100: ukuzaji wa kweli ni 85. Asiyetoa uvujaji angesema 115 na kuamini amepata transista kali. Kwa NPN geuza betri.

Usiishike kwa vidole unapopima, au ukiishika isubiri dakika kadhaa ipoe. Ukitaka kuona kwa nini, ibane kati ya vidole viwili huku ukitazama mita ikipanda.

Kwa Q1 tafuta ukuzaji wa 70 hadi 90 na uvujaji chini ya mikroampea 100, chini zaidi kama unaweza. Kwa Q2, 100 hadi 130, na uvujaji hata wa 200 unavumilika kwa sababu mkondo wake unatawaliwa na emita. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya tiba haina gharama: badilishana Q1 na Q2. Ziweke kwenye soketi tangu mwanzo. Gerimani hazipendi joto la lehemu, na utazihamisha mara nyingi kuliko unavyodhani.

Isipotosha, ondoa 8.2k uweke trima (poti ndogo ya kurekebishia) ya 20k kwa mfululizo na rezista ya 2.2k, uzungushe mpaka kolekta ya Q2 isome 4.5. Kwa Q1 inayovuja sana, ishushe 33k hadi 22k. Q1 inapata mikroampea 380 badala ya 250, na uvujaji ule ule unakuwa sehemu ndogo zaidi.

Upande wa pili, kolekta ya Q2 ikisoma volti 2 au 3 na mlio ni mzito na umebanwa, Q1 ina ukuzaji mdogo mno. Q1 inayokuza mara 50 itakupeleka karibu 3.4. Trima ile ile inarekebisha, safari hii kwa kupunguza.

Mazoezini ilikuwa tamu, jukwaani imekuwa kitu kingine

Hii ni dalili iliyotangulia ikiwa imevaa kofia. Uvujaji wa gerimani unakaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Pedali iliyopimwa chumbani kwenye kiyoyozi, nyuzi 22, haitakuwa ile ile ikiwekwa chini ya taa, au kwenye jukwaa la wazi Dar es Salaam au Mombasa mchana wa Februari, kasha la alumini likiwa juani. Mikroampea 80 zinageuka 160 na zaidi, na hesabu ya juu inakamilika yenyewe.

Michoro na orodha za transista zilizopangwa jozi kutoka Uingereza au Marekani zinafuata joto la huko. Kwa mwambao, pima kwenye joto utakalopigia. Funika saketi na transista kwenye boksi pamoja na kipimajoto, acha zifike nyuzi 33 au 34, ndipo uzungushe trima. Afadhali pedali isome 4 nyumbani usiku na 5 jukwaani kuliko isome 4.5 nyumbani na 7.5 jukwaani.

Trima ukiitoboa ifikike kutoka nje kwa nobu ndogo, utairekebisha papo hapo. Lakini kwa anayepiga nje mara kwa mara, suluhisho tunalolipendekeza zaidi ni mseto: Q1 ya silikoni, Q2 ya gerimani. Q1 ya silikoni haivuji kiasi cha kuhesabika, kwa hiyo kitanzi cha 100k kinatulia, na Q2 inabaki na ulaini wake inapokatwa. Kama Q2 ni PNP, Q1 nayo iwe PNP, mfano BC557 au 2N3906. Rudisha volti kwa trima, maana silikoni inahitaji 0.6 kwenye besi na hapo kolekta ya Q2 itashuka. Wapenzi wa gerimani tupu watanuna. Waache wapige kwenye kiyoyozi.

Silikoni: mlio mkali kama msumeno, na redio inaingia

Baada ya miaka michache Fuzz Face zilihamia silikoni kama BC108 na BC183, na sababu si ngumu kuona: silikoni hufanana zaidi na haisumbuliwi na joto. Kosa la wengi ni kuchomeka BC108 kwenye saketi ya gerimani bila kugusa kingine. Ukuzaji ukiwa 300, 100k inaacha volti 0.08 tu, lakini besi inadai 0.6, kwa hiyo emita ya Q2 inasimama kwenye 0.68. Mkondo wa miliampea 0.68 kupitia 8.67k unakula karibu volti 6, kolekta inabaki na 3. Weka 5.6k au 6.2k mahali pa 8.2k, utarudi kwenye 4.5 au karibu yake.

Ukali unaobaki baada ya hapo unatokana na ukuzaji mkubwa. BC108 huja kwa makundi: A ni 110 hadi 220, B ni 200 hadi 450, C ni 420 hadi 800. Kwa mlio wa zamani A inatosha, B ndogo inafaa, C inapiga kelele hata gitaa likiwa limenyamaza. 2N5088 inaanzia 300, hivyo ihesabu pamoja na wakali. 2N3904 na 2N2222 ni rahisi, zipo kila duka, na hazina aibu yoyote.

Redio kuingia ni ugonjwa wa silikoni kwa sababu inakuza masafa ya juu sana ambayo AC128 hata haiyasikii. Unga kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi ya Q1. Ukiongeza hadi 220 mlio unalainika pia, juu ya hapo unaanza kufifia. Waya wa kutoka jeki hadi swichi uwe mfupi, na kasha liwe la chuma lililoungwa ardhini. Kasha la plastiki ni antena.

Ulinunua gerimani, ukapata nini?

Tumia kipimo cha dayodi cha mita kati ya besi na emita. Gerimani itasoma kati ya 0.1 na 0.3, silikoni 0.55 hadi 0.7. Ikiwa ile iliyoandikwa AC128 inasoma 0.62, maandishi ni mapya kuliko transista.

Peke yake inalia vizuri, ikiwa nyuma ya pedali nyingine inakuwa bati

Saketi haina kosa hapa. Besi ya Q1 inalivuta gitaa kwa nguvu, na waya mrefu wa koili ndani ya pikapu ya gitaa unakuwa sehemu ya saketi. Ndiyo maana ukipunguza volyumu ya gitaa kidogo Fuzz Face inakuwa karibu safi. Weka katikati bafa (saketi ndogo inayolitenga gitaa na kinachofuata), au pedali ambayo ikizimwa bado inapitisha sauti kwenye bafa yake, na uhusiano huo unakatika: mlio unakuwa mkali na volyumu ya gitaa haisafishi tena.

Fazi ikae ya kwanza baada ya gitaa. Pedali ya wawa (wah) ndiyo shida, kwa sababu wengi wanaitaka mbele, na zikiungana wawa inapoteza mzunguko wake au zote mbili zinapiga filimbi. Ukiitaka mbele kwa lazima, weka bafa ndogo ya transista moja kwenye mlango wa kutokea wa wawa. Kwa gitaa lenye pikapu za betri, rezista ya 10k hadi 22k kwa mfululizo kabla ya kapasita ya kuingilia inarudisha sehemu ya ulaini, si wote.

Volyumu ya gitaa inakwaruza ukiizungusha

Kapasita ya mikrofaradi 2.2 inapitisha DC. Ni nzee, au imewekwa kinyume. Kwenye PNP upande wake chanya hutazama gitaa, kwa sababu besi iko chini ya ardhi, jambo linalowapotosha waliozoea NPN. Ikikwaruza poti ya pedali yenyewe, shuku nanofaradi 10 ya kutokea. Poti ya fazi kukwaruza kidogo ni kawaida, ina volti ya emita juu yake.

Hapo pia ndipo pa kuchagua wingi wa sauti nzito za chini kwenye mlio. Ukiweka nanofaradi 100 badala ya 2.2 µF, nyuzi nene zinaacha kutapakaa, na gitaa la pikapu za hambaka (za koili mbili) linanufaika sana. Nanofaradi 470 ni njia ya kati.

Sauti ndogo kuliko gitaa lenyewe

Saketi asilia inatupa sehemu kubwa ya sauti yake: omu 470 kati ya 8670 ni karibu asilimia 5. Ukiweka 1k badala ya 470 sauti inakaribia mara mbili. Pima tena kolekta ya Q2 baada ya hapo.

Inachemka kama mafuta ya chapati

Rezista za kaboni za zamani, zile nene za rangi ya kahawia, zinauzwa ghali kwa sifa ya mlio. Tunachokiona kwenye mita ni kelele zaidi na thamani inayohama, hasa mwambao ambako unyevu unaziingia na kuzipandisha. Kwa 33k na 100k tumia za utando wa chuma, asilimia 1. Mlio wa fazi hautokani na rezista. Kapasita ya nanofaradi 10 ya kutokea inaweza kuwa ya polyesta au seramiki, thamani ndiyo inayosikika, na seramiki za bei rahisi zinaweza kukosea kwa asilimia 20, hivyo ipime. Seramiki nyingine hudunda kama maikrofoni ukigonga kasha. Hiyo itoe.

Ukiichomeka kwenye adapta ya pamoja, pedali zote zinazima

PNP ina ardhi chanya, pedali nyingine zina ardhi hasi, na nyaya za gitaa zinaziunganisha ardhi zote. Matokeo ni shoti. Ipe betri yake au tundu lililotengwa. Chipu ya kugeuza volti inafaa pia, lakini ICL7660 ya kawaida inafanya kazi karibu kilohezi (kHz) 10, na filimbi hiyo utaisikia. Chukua ICL7660S, unga mguu wa 1 na wa 8, itapanda juu ya masikio. Njia isiyo na usumbufu ni gerimani za NPN kama AC127 au MP38A ya Kisovieti, kama utapata zisizovuja.

Ikianza kududuma kama injini ya mtumbwi, weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya umeme na ardhi, ukiangalia upande wake.

Kuhusu betri za kaboni na zinki zinazosifiwa: pedali hii inakula miliampea 0.75 hivi, hivyo hata omu 100 za ndani ya betri zinapunguza volti 0.075 tu. Tofauti unayoisikia ni ya volti, 9.5 ya alkali mpya dhidi ya 8 ya betri iliyochoka. Ila taa ya LED yenye rezista ya 4.7k inakula miliampea 1.5, mara mbili ya pedali nzima.

Big Muff: nyumbani mnene, kwenye bendi haisikiki

Hii nayo ni pedali ya fazi, lakini ni mnyama mwingine, transista nne za silikoni, na hapa kosa ni la kapasita moja. Sehemu ya toni ina njia mbili: 39k na nanofaradi 10 zinazokata kuanzia hezi (Hz) 400, na nanofaradi 3.9 na 22k zinazopitisha kuanzia hezi 1850. Katikati kuna shimo, na humo ndimo gitaa linamoishi. Badilisha 3.9 kwa 10, njia ya pili inaanza hezi 720 na shimo linajaa. Ukiona imejaa kupita kiasi, 6.8 inakaa katikati.